Edamame ya izakaya haitoki kwenye gunia la soya kavu

Msomaji wa Songea ametuandikia kwamba alikaa miezi tisa Niigata, nchini Japani, kwa mafunzo, na kwamba wenzake walizoea kumpeleka jioni kwenye izakaya, zile baa ndogo za Kijapani ambamo watu hunywa huku wakila vyakula vidogovidogo. Kila mara, kabla ya chakula chochote, liliwekwa mezani bakuli la maganda ya kijani yenye soya changa na chumvi, yaitwayo edamame. Aliporudi nyumbani alinunua kilo moja ya soya sokoni, akailoweka usiku kucha na kuichemsha kwa saa mbili, akaishia na punje za manjano zenye harufu nzito ambazo hata watoto walizikataa. Anauliza alikosea wapi, na kama soya iliyoko shambani kwa mama yake inaweza kumpatia asusa ile aliyoizoea.

Ndugu msomaji, kosa halikuwa jikoni. Ulikosea pale sokoni, uliponunua soya iliyokwisha kukomaa na kukauka, kwa sababu soya hiyo haiwezi kurudi kuwa edamame hata uiloweke siku tatu. Habari njema ni kwamba swali lako la pili lina jibu la ndiyo, ingawa ndiyo hiyo ina masharti yake, na sharti la kwanza ni kalenda.

Jina lenyewe linaeleza jambo. Kwa Kijapani eda ni tawi na mame ni kunde au maharage, kwa hiyo edamame ni maharage ya tawini, yaani yale yanayouzwa na kupikwa yakiwa bado hayajaachana na shina lake. Kumbukumbu ya zamani inayotajwa mara nyingi ni barua ya mwaka 1275, ambamo mtawa wa Kibudha Nichiren alimshukuru muumini aliyemletea zawadi ya maharage hayo. Mmea ni uleule wa soya unaotoa mafuta, tofu na chakula cha kuku. Kinachotofautiana ni umri wa punje siku ya kuchumwa. Punje ikiwa changa ina maji mengi na sukari ambayo ulimi unaihisi, na ganda lake la ndani ni laini. Ikiachwa shambani ikauke, maji hutoka, protini na mafuta hujikusanya, rangi ya kijani hupotea, na kitu kitamu ulichokitafuta huwa kimekwisha kugeuzwa kuwa akiba ya mbegu. Anayejua tofauti kati ya hindi bichi la kuchoma na hindi kavu la makande hahitaji maelezo zaidi: hakuna anayeloweka makande akitarajia kupata gobo la kuchoma.

Ile harufu nzito iliyowafukuza watoto nayo ina chanzo chake. Ndani ya soya mna kimeng'enya ambacho, punje ikipasuka au kusagwa ikiwa na maji, huyashambulia mafuta yake na kutoa harufu ya ubichi wa maharage. Joto kali hukizima kimeng'enya hicho upesi, lakini soya kavu iliyolowekwa kwenye maji baridi usiku kucha, kisha ikapandishwa moto polepole, hukipa muda wa kutosha wa kufanya kazi yake. Edamame huepuka tatizo hilo kwa sababu huingia nzimanzima, ndani ya ganda lake, katika maji yanayochemka kwa nguvu.

Sasa tuje shambani. Soya iliingizwa Tanganyika mwaka 1907 huko Amani, Tanga, enzi za Wajerumani, na tangu hapo kwetu imejulikana kama zao la punje kavu: unga wa lishe, maziwa ya soya, na chakula cha mifugo. Ndiyo maana mama yako pengine hajawahi kuchuma hata ganda moja likiwa bichi, ingawa mbaazi na kunde anazichuma mbichi kila mwaka bila kufikiri mara mbili. Ikiwa mlipanda kati ya Desemba na katikati ya Januari, maganda yenu yatafaa kuliwa mabichi katika mwezi wa Machi au mwanzoni mwa Aprili, kutegemea aina ya mbegu. Kwa jumla hesabu siku 30 hadi 40 tangu maua yatokee. Usiitegemee hesabu peke yake. Ingia shambani, shika ganda kati ya kidole gumba na cha shahada, ulibonyeze. Ganda linalofaa ni la kijani kibichi, limevimba, punje zake zimejaza sehemu kubwa ya nafasi ya ndani na zinakaribia kugusana, nawe ukibonyeza unahisi punje ikitaka kuruka. Ganda bapa linalonepa bado ni changa mno. Ganda lililoanza kugeuka manjano limekupita, na ukilipika utapata punje ngumu zenye ladha ya unga. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu, mara nyingi tatu hadi tano, wiki ikizidi sana. Wakulima wa Japani hupanda kwa awamu ili kuurefusha msimu, nawe unaweza kumwomba mama mistari miwili mitatu ya pembeni uipande kwa kupishana wiki mbili.

Kabla ya kuchuma, uliza jambo moja ambalo nalisisitiza kuliko chumvi: shamba lilipuliziwa dawa gani, na lini? Dawa ya wadudu inayoruhusiwa kwenye soya ya kukauka imepangiwa siku za kusubiri kabla ya mavuno, na anayechuma maganda mabichi huvuna mapema kuliko ilivyodhaniwa siku ya kupulizia. Soma lebo ya chupa, na kama siku hizo hazijatimia, acha. Vilevile mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya rangi si chakula kwa namna yoyote ile.

Nikuandae pia kwa tofauti moja ambayo hutaweza kuiondoa. Niigata, ulikokuwa, ni miongoni mwa mikoa ya Japani inayolima edamame kwa eneo kubwa zaidi, na fahari yake ni aina iitwayo chamame, maharage ya rangi ya chai, kwa sababu ngozi nyembamba ya punje ina ukahawia kidogo chini ya ganda la kijani. Jirani yake, katika mji wa Tsuruoka mkoani Yamagata, kuna ndugu yake maarufu, dadachamame. Maharage haya yana harufu ambayo watu wengi hushindwa kuieleza, lakini Mswahili anaijua vizuri: ni ya kemikali ileile inayoupa mchele wa basmati, na pishori ya Mwea ambayo ni ya ukoo huohuo, mnukio wake unapochemka. Soya ya shambani kwenu ilichaguliwa kwa mavuno na mafuta, si kwa mnukio, na punje zake ni ndogo. Utapata edamame nzuri, tamu na ya kijani, lakini usijilaumu bakuli likikosa ile harufu ya wali.

Kinachoweza kufidia upungufu huo ni kasi. Tangu ganda lichumwe, punje huendelea kupumua na kuitumia sukari yake, na joto huharakisha upotevu huo. Edamame iliyokaa jikoni kutwa nzima imekwisha kupoteza sehemu ya utamu wake hata kama kwa macho haijabadilika. Katika jambo hili unawazidi watu wa Tokyo. Wao hununua mafungu yaliyosafirishwa, na wauzaji wazuri huyaacha maganda kwenye mashina yake ili yasichoke haraka. Wewe unaweza kukata mashina asubuhi na mapema, kuyabeba yakiwa na matawi yake, na kunyofoa maganda maji yakiwa tayari motoni. Kwa jaribio la kwanza mashina matano au sita yanatosha.

Chukua gramu 300 za maganda, lita moja ya maji na gramu 40 za chumvi. Kiasi hicho cha chumvi huwashtua wengi, kwa kuwa ni asilimia 4 ya maji, yaani kinazidi kidogo chumvi ya bahari, ambayo kwa wastani ni asilimia 3.5, lakini wapishi wa Kijapani wamekishikilia kwa sababu chumvi inapaswa kupenya ganda nene katika muda wa dakika chache, na sehemu kubwa yake hubaki majini na juu ya maganda usiyokula. Kama huna mizani, vijiko vikubwa viwili na robo vya chumvi laini, vilivyosawazishwa kwa kisu, vitakufikisha karibu. Gawa chumvi hiyo: gramu 15 za kusugulia, 25 za kutia majini.

Kwanza kata ncha zote mbili za kila ganda kwa mkasi, kiasi cha milimita chache tu, bila kuijeruhi punje. Ni kazi ya kuchosha, na izakaya nyingi haziifanyi, lakini ndiyo inayotofautisha edamame yenye chumvi ya nje pekee na ile ambayo ukiibonyeza hutoa tone la maji ya chumvi pamoja na punje. Mimi huifanya nikiwa nimekaa na redio, na sijawahi kujuta. Kisha osha maganda, yachuje, yatie kwenye bakuli, nyunyiza zile gramu 15 na uyasugue kwa viganja kama anayefua kitambaa kigumu, kwa muda wa dakika moja hivi. Utahisi vinyweleo vikikatika na chumvi ikianza kunyevuka na kugeuka kijani hafifu. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyokwaruza mdomo wa mlaji. Na michubuko midogo unayoiacha kwenye ganda ndiyo njia ya chumvi kuingia. Usiyasuuze. Yaache dakika kumi au kumi na tano wakati maji yanapata moto.

Maji yakichemka kwa nguvu, tia gramu 25 zilizobaki, kisha mwagia maganda pamoja na chumvi yake yote. Usifunike sufuria. Mboga ya kijani inapochemka hutoa asidi ambazo zikinaswa chini ya kifuniko huigeuza rangi yake kuwa kama ya zeituni iliyochakaa, na ni afadhali ziende zake na mvuke. Usishawishike pia kuongeza magadi ili kuilinda rangi: yatailinda kweli, lakini yatalilegeza ganda na kuacha ladha ya sabuni. Anza kuhesabu maji yanaporudi kuchemka. Dakika tatu na nusu zikitimia, toa ganda moja, lipoze, onja. Punje inapaswa kuwa imeiva na bado inakataa kidogo chini ya jino. Ikiwa na ubichi wa majani, ongeza nusu dakika, uonje tena. Kwa kawaida dakika nne hadi tano zinatosha, lakini Songea iko juu ya mita 1,000, na kwa kuwa kiwango cha maji kuchemka hushuka kwa takriban digrii moja kwa kila mita 300, huenda ukahitaji dakika moja zaidi. Ulimi ndio saa ya kuaminika hapa.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu wengi huiharibu kwa nia njema. Maganda yakishaiva, yamwage kwenye chujio na usiyamwagie maji baridi. Najua mafundisho ya mapishi ya mboga husema tuzitumbukize kwenye maji ya barafu ili zibaki kijani, lakini edamame ina matundu uliyoyakata mwenyewe, na maji yataingia humo yaitoe chumvi na kuacha punje imelowa na kuchusha. Wajapani huyatandaza maganda juu ya zaru, ambayo ni chujio bapa la mianzi, kisha huyapepea. Unao ungo nyumbani. Hakuna chombo kinachofanana zaidi na zaru kuliko ungo. Yatandaze safu moja, shika kawa au kipande cha boksi, upepee mpaka mvuke ukome. Joto huondoka upesi, rangi inasimama, na unyevu unaokauka juu ya ganda huacha utando mwembamba wa chumvi. Onja moja, na kama unaona chumvi haijatosha, nyunyiza kidogo sasa, maganda yakiwa bado na uvuguvugu.

Kuna namna ya pili ambayo mimi binafsi naipenda zaidi kwa soya ya punje ndogo. Baada ya kusugua kwa chumvi, weka maganda kwenye kikaango kizito, tia maji kiasi cha nusu kikombe cha chai, funika, uyaache kwa moto wa wastani dakika tano hivi. Maji yakikauka, fungua na uyageuzegeuze mpaka baadhi yapate madoa meusi. Rangi haipendezi kama ya kuchemsha, kwa sababu umefunika, lakini utamu haukumwagwa na maji, na ule moshi kidogo unalingana na punje isiyo na mnukio wa kwake. Hii nayo utaikuta kwenye izakaya kwa jina la yaki-edamame, edamame ya kuchoma. Katika njia hii punguza chumvi ya kusugulia iwe kijiko kidogo kimoja, kwa maana hakuna maji ya kuibeba ziada.

Huenda unawaza kwamba uliyoila Niigata ilipikwa kwa uangalifu wote huu. Wakati wa kiangazi, yaani Julai na Agosti, pengine ndiyo. Nje ya msimu, izakaya nyingi hutumia edamame iliyogandishwa, ambayo Japani huiagiza kwa wingi kutoka Taiwan, China na Thailand. Hiyo imekwisha kuchemshwa kiwandani na mara nyingi kutiwa chumvi, kwa hiyo msomaji aliye Dubai au London, ambaye huiona kwenye majokofu ya maduka makubwa, hahitaji kuichemsha tena dakika tano. Dakika moja au mbili katika maji yanayochemka zinatosha, au kufuata maelezo ya pakiti. Wewe unaweza kujigandishia ya kwako: chemsha kwa dakika mbili na nusu tu, pepea hadi ipoe kabisa, ikaushe kwa kitambaa, uifunge kwenye mfuko bila hewa. Itakaa mwezi mmoja bila kuharibika ladha. Isipogandishwa, iliyopikwa iliwe siku hiyohiyo au kesho yake, ikihifadhiwa kwenye friji.

Na ile soya kavu iliyobaki kwenye kilo yako usiitupe, maana Japani ina asusa yake pia. Iloweke saa nane, ichuje, ikaushe vizuri kwa kitambaa, kisha ikaange bila mafuta kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuchoka kwa dakika ishirini au zaidi, hadi ngozi zianze kupasuka na punje ziwe kavu na za kumomonyoka hadi ndani. Hiyo ni irimame, soya ya kukaanga, ambayo mwanzoni mwa Februari, siku ya Setsubun, Wajapani huirusha kufukuza mashetani na kisha kula punje kadiri ya miaka ya umri wao. Joto kavu huiondoa ile harufu vizuri kuliko maji.

Kuhusu afya nitasema machache. Usionje soya mbichi isiyopikwa, hata changa, kwani ina vizuizi vya umeng'enyaji wa protini ambavyo hupunguzwa na joto. Mwenye mzio wa soya asiiguse kabisa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe punje nzima, kwa kuwa ina umbo la kukwama kooni. Imenye na kuiponda, na ile ya kukaanga asipewe hata kidogo. Aliyeambiwa apunguze chumvi achemshe kwa maji matupu na kunyunyiza chembe chache mwishoni, akikumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Zaidi ya hapo ni chakula cha heshima: gramu 100 za punje zilizopikwa zina takriban gramu 11 hadi 12 za protini.

Asusa, kwa Kiswahili cha pwani, ni kile kitafunio kinachoandamana na kinywaji, na Wajapani wana neno otsumami, linalotokana na kitenzi cha kudonoa kwa ncha za vidole. Kwa hiyo usiweke uma wala vijiko. Weka bakuli mbili mezani, moja ya edamame na moja tupu, kwani bila ile tupu wageni watahangaika na maganda mkononi, au kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza, watatafuna ganda zima kwa adabu huku mwenyeji akiangalia pembeni. Waonyeshe mara moja: ganda linapelekwa mdomoni, linabanwa, punje inaruka ndani, chumvi ya juu inabaki kwenye midomo. Asiyekunywa bia atafurahia na chai ya kijani au na mugicha, ile chai baridi ya shayiri iliyokaangwa uliyoikuta kwenye kila friji ya Niigata wakati wa joto. Na kama siku ya kwanza punje zitakuwa ngumu kidogo, rudi shambani kwa mama siku mbili mapema zaidi katika awamu ijayo ya kupanda, kabla hujabadilisha chochote jikoni.